Michai na Majani: Juu ya Kuhifadhi Programu za Kwanza

Mtu apitaye katika nchi ya Kericho na Bomet huona vilima vilivyofunikwa na michai, na malori yakichukua majani mabichi kwenda viwandani. Humo majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa. Chai itokayo huko hunywewa katika nchi nyingi. Walakini hakuna mnywaji, hata awe na magunia mia, awezaye kuipanda. Atakaye mchai hana budi kupata kipandikizi au mbegu ya mchai ulio hai. Ndiyo sababu Taasisi ya Utafiti wa Chai iliyoko Kericho hutunza michai mama, kama ule ujulikanao kwa namba 6/8, ambao sifa ya ladha yake imeenea.

Programu za kompyuta nazo zina hali mbili kama hizi. Ile aitumiayo mtu katika simu yake ni chai ya pakiti: imekwisha kupita kiwandani, ikageuka kuwa mfuatano wa tarakimu ambao mashine huufahamu mara moja, lakini mwanadamu huusoma kwa taabu kubwa. Maandishi yenyewe aliyoyatunga mtu, kwa maneno na alama za lugha ya programu, ndiyo mchai. Huitwa msimbo asilia. Katika siku za mwanzo wengi hawakuona haja ya kuyaweka maandishi hayo. Toleo jipya lilipotoka, la jana lilifutwa, maana tepu ilikuwa ghali na iliweza kuandikwa tena.

Chukua mfano wa lugha iitwayo C, ambayo Dennis Ritchie aliitunga katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya programu tuzitumiazo leo zimeandikwa kwa lugha hiyo, au kwa lugha zilizozaliwa nayo. Programu ya kuifasiri C kwa mashine iliandikwa kwa C yenyewe, kama kuku aliyetoka katika yai lake. Kwa hiyo atakaye kujua lugha ilikuaje lazima arudi nyuma toleo kwa toleo. Miaka mingi baadaye zilipatikana tepu chache za miaka ya 1972 na 1973. Mashine za kuzisoma zilikuwa zimekwisha kuwa adimu, hata Paul Vixie na Keith Bostic walipoipata moja na kujitolea kuzijaribu. Katika tepu hizo mlikuwamo matoleo mawili ya ile programu-fasiri, na moja lilinakiliwa muda mfupi tu kabla Ritchie hajaanza kuibadilisha programu hiyo itumie njia mpya ya kufunga data za namna mbalimbali pamoja. Basi humo twaweza kuiona lugha ikiwa mbioni kubadilika, jambo ambalo kitabu cha mafunzo hakiwezi kutuonyesha. Na yote yalisalimika kwa bahati ya tepu kutotupwa!

Lugha ya Python ilipata bahati ya namna nyingine. Guido van Rossum, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya CWI mjini Amsterdam, aliianza wakati wa sikukuu za Desemba 1989. Mnamo Februari 1991 aliitoa kwa watu wote kupitia Usenet, mtandao wa kupelekeana habari kati ya kompyuta za vyuo na makampuni. Barua moja isingaliweza kubeba yote, kwa hiyo aliigawa kazi yake katika vipande 21, vilivyogeuzwa kuwa herufi za kawaida. Mpokeaji alipaswa kuviunga kwa taratibu kisha kuvifungua. Kazi ya kuchosha kweli kweli. Lakini uchovu huo ndio uliokuja kuiokoa, kwa kuwa barua za Usenet zilinakiliwa katika kompyuta nyingi, na wako watu waliokuwa wakizilimbikiza. Miaka mingi ilipopita, wapenzi wa Python walivikusanya vile vipande kutoka katika malimbikizo hayo, wakaviunga, na mashine ikaisoma tena programu ile ya 1991.

Sisi Wakenya twajua yatokeayo maandishi yakiwa mikononi mwa mlinzi mmoja. Kabla ya uhuru wa 1963 watawala walichukua faili nyingi za serikali wakazipeleka Uingereza. Ilipofika 2011, wazee waliposhtaki kwa mateso ya wakati wa Hali ya Hatari, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kuwa ilikuwa na faili zipatazo 8,800 za makoloni 37, zimewekwa Hanslope Park. Karibu nusu karne walalamikaji waliambiwa habari zisizo kamili.

Nasi tunao msimbo wetu wa kutafutwa. Mnamo Januari 2008, baada ya uchaguzi, machafuko yalifika hata katika mashamba ya chai, nyumba za vibarua zikachomwa. Siku zile zile Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walishirikiana kuitengeneza Ushahidi, programu iliyopokea habari za watu kwa simu na barua pepe na kuziweka juu ya ramani. Baadaye mwaka huo ilijengwa upya na maandishi yake yakawekwa wazi, na Januari 2010 ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Tangu 2016 hazina iitwayo Software Heritage, iliyoanzishwa Ufaransa, hukusanya misimbo iliyo wazi ya dunia nzima. Lakini mwanahistoria atakayeuliza ni habari zipi za Kericho zilizokubaliwa, zipi zilizokataliwa, na mahali pa kila tukio palipatikanaje kwenye ramani, hatatosheka na matoleo yaliyofuata. Itamlazimu kulitafuta lile lililoandikwa kwa haraka Januari ile, moshi ukiwa bado haujatoweka vilimani.