Sauti

Mwalimu wa kwaya akisema wimbo una sauti nne, hahesabu waimbaji. Anahesabu mistari: soprano, alto, teno, besi. Waimbaji mia wanaweza kuwa na sauti nne tu.

Neno hilo lafaa sana kueleza muziki wa kanisa wa Ulaya wa karne ya 16, ambao wengi huudhania wa namna moja. William Byrd, Mkatoliki katika Uingereza ya Kiprotestanti, alitunga misa za sauti tatu, nne na tano, za kuimbwa majumbani kwa siri. Misa ya Palestrina kwa heshima ya Papa Marcello, iliyochapishwa Roma mwaka 1567, ina sauti sita, na bado maneno yanasikika wazi. Kule Venice, Giovanni Gabrieli alizipanga kwaya zijibizane.

Halafu yupo Thomas Tallis. “Spem in alium” yake ina sauti 40: kwaya nane, kila moja sauti tano. Inaanza sauti moja, nyingine zinaipokea moja baada ya moja, hadi zote 40 zinapovuma kwa pamoja. Hapo, kwa kawaida, kila mwimbaji ni sauti kamili, na akikosekana mmoja, mstari mzima umetoweka.