SOMO LA HISTORIA: TIBA YA USINGIZI ISIYOMEZWA

Leo tutasoma jinsi watu walivyotafuta tiba ya kukosa usingizi. Ninyi mnaosikiliza huko Yaeda Chini, tegeni masikio, kwa maana Wahadza majirani zenu wamo katika habari hii.

Wako watu wanaolala kitandani wakihesabu majogoo. Jogoo wa kwanza anawika, macho makavu. Wa pili anawika, macho makavu. Mtu anajiuliza, "Je, nimerogwa? Kesho nitalimaje?" Hofu inazidi, na usingizi unazidi kukimbia.

Mwaka 1903 wataalamu wa Kijerumani walionyesha dawa mpya ya usingizi, ikauzwa kwa jina la Veronal. Usingizi ulikuja, lakini na madhara yalikuja. Watu waliizoea dawa, wakaongeza kipimo, na wengine wakafa kwa kuzidisha. Kwa hiyo wataalamu wengine waliuliza: je, hakuna njia nyingine?

Wa kwanza ni Edmund Jacobson, daktari wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1929 alifundisha watu kukaza misuli ya mkono, kisha kuilegeza. Halafu mguu, halafu uso. Alisema mwili ukilegea, na moyo hutulia.

Wa pili ni Richard Bootzin, mwaka 1972, naye pia wa Marekani. Yeye alitazama kitanda. Fikiri juu ya ng'ombe. Ukimpiga kila aingiapo zizini, mwisho ataliogopa zizi lenyewe. Mtu anayehangaika kitandani kila usiku naye hujizoesha kuwa macho papo hapo. Basi Bootzin alisema: panda kitandani ukiwa na usingizi tu. Usipokuja, ondoka, kaa mahali patulivu, urudi unaposinzia. Amka saa ile ile kila siku, wala usilale mchana.

Wa tatu ni Arthur Spielman. Mwaka 1987 yeye na wenzake walieleza jambo la ajabu: anayekosa usingizi apunguze muda wa kukaa kitandani. Tuseme mtu hukaa kitandani saa 9, lakini hulala saa 6 tu. Aambiwe akae saa 6 hizo. Usingizi ukishakuwa mzito, muda huongezwa kidogo kidogo.

Njia hizo ziliunganishwa na mazungumzo ya kuondoa hofu, zikawa tiba moja ya mawazo na mazoea. Mwaka 2016 chama kikubwa cha madaktari wa Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi aanze na tiba hiyo kabla ya vidonge.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2017 wataalamu, miongoni mwao Mtanzania Audax Mabulla, walitoa habari za Wahadza wa upande wa Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa mkononi chombo kidogo mfano wa saa, kinachoonyesha kama mtu yu macho au amelala. Walivivaa kwa siku 20. Je, wote 33 walilala kwa pamoja kwa muda gani? Dakika 18 tu, ukijumlisha siku zote 20! Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kulala na kuamka mapema. Karibu kila wakati alikuwapo mtu wa kusikia mnyama akija.

Tena wengi waliamka usiku, lakini walipoulizwa, karibu wote walisema wanalala vya kutosha.

Utafiti huo haukupima tiba. Lakini unatufundisha neno moja kubwa: kuamka usiku, peke yake, si ugonjwa. Mzee anayeamka kabla ya alfajiri huenda analinda boma tu, kama wazee wa kale. Kinachomtesa mtu mara nyingi ni hofu ya kuwa macho, na hofu hiyo ndiyo tiba ya mazoea inayoiondoa.

Lini basi ni ugonjwa? Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kila wiki kwa miezi 3, na kazi za mchana zikaharibika, nenda zahanati. Mwenye kifafa, au dereva, asipunguze muda wa kulala bila ushauri. Na anayetumia vidonge asiviache ghafula.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini Bootzin alimwambia mtu aondoke kitandani?
2. Wahadza 33 walilala kwa pamoja dakika ngapi?
3. Nyumbani kwako nani huwahi kulala, na nani huchelewa? Andika sentensi tatu.

Kwaherini, na mlale salama.