Kutoka Shambani hadi Jokofuni: Jinsi Bakteria Hatari Wanavyoibuka katika Chakula

Chakula kinapodhuru watu, lawama ya kwanza huelekezwa jikoni: mikono haikunawiwa, nyama haikuiva. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, milipuko miwili mikubwa ya karne hii inaonyesha kuwa bakteria huweza kujijenga mapema zaidi, shambani na kiwandani, ambako mlaji hana usemi.

Mei 2011, hospitali za kaskazini mwa Ujerumani zilifurika wagonjwa wa kuhara damu. Wengi walikuwa wanawake watu wazima, na baadhi yao figo zilifeli. Mamlaka za Hamburg ziliyashuku matango ya Hispania, wakulima wa huko wakapata hasara bure. Baadaye uchunguzi uliishia kwenye mbegu za uwatu kutoka Misri, zilizooteshwa katika shamba moja huko Bienenbüttel na kuliwa mbichi kwenye saladi. Waliougua walizidi 3,800. Waliokufa, zaidi ya 50.

Mhusika, bakteria E. koli wa aina ya O104:H4, alitoka katika ukoo unaong'ang'ania kuta za utumbo. Kwa njia ya virusi vinavyoambukiza bakteria, alikuwa amepata jeni la sumu ya Shiga, inayoharibu figo. Alibeba pia kipande cha DNA, cha aina ambayo bakteria hupeana wao kwa wao, kilichomkinga dhidi ya antibiotiki kadhaa. Uoteshaji ukamwongezea unyevu, joto na siku za kutosha kuzaliana.

Mlipuko wa pili, wa Afrika Kusini, ulipitia kwenye baridi. Mwaka 2017 na 2018, bakteria aitwaye Listeria aliwapata watu 1,060 na kuua zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi walioambukizwa na mama zao. Watoto wa chekechea moja ya Soweto walipolazwa Januari 2018, poloni, soseji ya kuliwa baridi, iliyokutwa kwenye jokofu la shule iliwafikisha wachunguzi katika kiwanda cha Polokwane. Ulinganisho wa jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, ukathibitisha chanzo hicho.

Jokofu huwazuia bakteria wengi, lakini Listeria huendelea kuongezeka humo polepole. Kiwandani hujifunika utando juu ya mashine na kwenye mifereji ya sakafu, na baadhi ya aina zake hustahimili dawa za kusafishia. Kwa hiyo, mbinu ileile inayohifadhi chakula ni chujio linalomwondolea Listeria washindani.

Saladi na poloni huliwa bila kupikwa tena, hivyo kumhimiza mlaji apike vizuri hakutoshi. Hata kupima bidhaa iliyokamilika hakutoshi, kwani pakiti moja huweza kuwa safi ilhali mfereji wa kiwandani umejaa bakteria. Vipimo vichukuliwe kwenye mashine na sakafu, kisha jenomu za bakteria watakaopatikana zilinganishwe na za wale waliotoka kwa wagonjwa. Ulinganisho huo hutegemea taarifa za hospitali, nazo Afrika Kusini ziliwekwa kuwa za lazima kwa ugonjwa wa Listeria Desemba 2017 tu, mamia wakiwa wameshaugua.