Beni–Bunia kwa ndege: kilometa ngapi, dakika ngapi?

Kwenye ramani, Beni na Bunia ni majirani. Lakini kwa mkaaji anayepeleka mgonjwa, anayefuata bidhaa ao anayeenda kwenye maziko, safari hii haipimwe na kilometa peke yake.

Kutoka uwanja wa ndege wa Mavivi, upande wa kaskazini ya mji wa Beni, mpaka uwanja wa Bunia, unaoitwa pia Murongo, ni karibu kilometa 138 kwa mstari ulionyooka. Ndege inaelekea kaskazini-mashariki, inapita juu ya misitu ya Beni na territoire ya Irumu, kiisha inashuka Bunia, pahali penye urefu wa zaidi ya mita 1 200 juu ya bahari.

Muda unategemea aina ya ndege. Cessna Caravan, ambayo inajulikana sana huku kwetu, inakimbia karibu kilometa 300 kwa saa. Let 410, yenye nafasi ya abiria 19, inakimbia zaidi kidogo. Ukihesabu hivyo, unapata dakika 22 mpaka 28 hewani. Ongeza dakika kumi hivi za kupanda na kushuka: inakuwa dakika 30 mpaka 40. Mawingu na mvua vinaweza kuongeza muda huo. Saa ni ile ile katika miji yote mbili, hakuna kugeuza saa ya mkono.

Kwa barabara, ni karibu kilometa 200. Juu ya nini tofauti hiyo? Sababu barabara haiendi moja kwa moja. Inapitia Oicha, Eringeti na Luna mpaka Komanda, na hapo tu ndipo inakata kuelekea Bunia, kilometa 75 hivi.

Kwa hiyo ndege inapunguza kilometa 60 tu. Kama barabara ingekuwa nzuri na salama, watu wengi wangeamka asubuhi na kufika Bunia mbele ya jua kuzama, bila kununua tikiti ya ndege. Lakini matope wakati wa mvua, na zaidi ya yote mashambulizi ya ADF, vimeigeuza njia hiyo kuwa ya woga. Hata magari yanayosindikizwa na jeshi yamekwisha kushambuliwa, kama tarehe 1 Septemba 2021 katika Irumu. Mwenye pesa anapanda ndege; asiye nazo anangojea msafara ao anabaki nyumbani.

Mbele ya kununua tikiti, kumbuka haya:

– Dakika 30 ni za hewani tu. Kutoka mjini Beni mpaka Mavivi ni karibu kilometa 10, na kuna kungojea, kupima mizigo na kuonyesha vitambulisho. Tenga nusu siku.

– Ndege ndogo hazibebe mizigo mingi. Uliza kilo ngapi zinaruhusiwa mbele ya kufunga mizigo.

– Uliza kama Go-Pass, taxe ya uwanja wa ndege, iko ndani ya bei ao unalipa pembeni.

– Kama una mgonjwa, sema mapema, sio siku ya safari.