Friji isiyo na betri

Wiki hii sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Nilikuwa nyumbani Lodwar nikipambana na friji ya mama, maana mle ndani kuna insulini, nayo inataka nyuzi 2 hadi 8. Nje ni 36.

Tatizo ni la zamani. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na kompresa, inayoendeshwa na moto mdogo tu. (Ndiyo, moto unaoleta baridi!) Za namna hiyo, za gesi au mafuta ya taa, zilitunza chanjo kwenye zahanati nyingi zisizo na umeme. Lakini zilikunywa mafuta, na kwenye joto kali zilisumbua.

Mwaka 2001 ukaanza mradi wa SolarChill, wa WHO, UNICEF na wenzao. Hapa ndipo penye utamu: mchana jua linaendesha kompresa, kompresa inagandisha maji, usiku barafu inalinda chanjo. Betri hakuna. Mfuniko uko juu, kwa hiyo ukifungua, hewa baridi, ambayo ni nzito, haimwagiki.

Nikaiba akili hiyo. Nilisogeza friji mbali na ukuta, nikabadilisha mpira wa mlango, nikapanga chupa zilizoganda rafu ya juu, mbali na insulini isije ikaganda. Binamu yangu wa Kakuma, anayenunua umeme wa jenereta ya jirani, naye kaanza.

Juzi umeme ulikatika usiku. Asubuhi kipimajoto kilisoma 7. Mama akauliza maziwa yake sasa yatakaa wapi.