"Nunua Mapema" Haikuanza na Ofa

Wiki hii nimeona nyota za Krismasi zimetundikwa dukani, na bado ni Oktoba. Nilitaka kucheka kama kila mtu. Kisha nikakumbuka Desemba ile niliyoacha chuo.

Karo ilikuwa imegoma, nikapata kazi ya msimu kwenye supamaketi moja mtaani: kupanga bidhaa na kuwapakia watu mizigo pale kwa kaunta. Tarehe 24 tulikuwa tufunge saa mbili usiku. Saa tatu na nusu bado kuna mzee ana toroli imejaa soda na unga wa chapati, ananiambia, "Kijana wangu, fanya haraka, nina gari la Kakamega." Mimi pia nilikuwa na gari la kwenda ocha, mzee wangu. Liliniacha. Krismasi nikanywa chai na mkate peke yangu.

Ndiyo maana nilipokutana na habari za Florence Kelley, nilisoma hadi saa nane usiku. Huyu mama Mmarekani alizaliwa 1859, na kuanzia 1899 aliongoza National Consumers League, chama kilichoamini kwamba mnunuzi ana lawama kwa jinsi mfanyakazi anavyoteswa. Kama hakuna mtu wa kununua usiku wa manane, hakuna msichana wa kusimamishwa kaunta usiku wa manane. Mwaka 1903 Kelley aliandika kwa hasira kwamba sikukuu ya upendo imegeuzwa kejeli na wale wanaoisherehekea.

Na alikuwa na sababu. Maduka makubwa ya New York yalijaa wasichana waliosimama mchana kutwa, na Desemba wakasimama hadi usiku. Wavulana wadogo nao walipeleka vifurushi majumbani kwenye baridi, usiku. Sheria ilikuwepo, ya 1896, iliyoweka kikomo cha saa za kazi kwa vijana na wanawake wadogo wa madukani. Lakini kikomo hicho hakikufanya kazi kuanzia Desemba 15 hadi Januari 1. Yaani sheria ilienda likizo wiki zile zile mfanyakazi anazoihitaji. Hiyo sehemu niliisoma mara tatu.

Basi dawa waliyoitangaza kina Kelley ilikuwa nyepesi: nunua mapema, nunua mchana, usingoje mkesha. Hakuna aliyekuwa anaongea mambo ya kuokoa pesa. Ilikuwa ni kumhurumia mtu aliye upande wa pili wa kaunta.

Wenye maduka hawakupinga hata. Mteja akija mapema, si pesa pia zimekuja mapema? Kufikia 1939 Rais Roosevelt alisogeza sikukuu ya Thanksgiving wiki moja nyuma, kutoka Novemba 30 hadi Novemba 23, kwa kuwa wafanyabiashara walitaka msimu wa mauzo uwe mrefu. Majimbo yakagawanyika, mengine yakakataa kabisa. Ukiangalia, msichana wa kaunta hayuko tena kwa hiyo stori.

Kuna mahali pengine ambapo kupanga mapema kulibaki na maana: Uingereza wakati wa vita. Chakula kilikuwa kwa mgao, kwa hivyo keki ya Desemba ilianza miezi kabla, mama akificha sukari na zabibu kavu kidogo kidogo. Karatasi nayo iliadimika hadi 1941 maduka yakakatazwa kufunga bidhaa nyingi kwa karatasi. Sasa utapamba nyumba na nini? Watoto walikata magazeti ya zamani vipande vyembamba, wakayapaka rangi, wakaunganisha minyororo kwa gundi ya unga. Wizara ya Chakula yenyewe ilifundisha watu kuchovya matawi kwenye maji mazito ya chumvi ya Epsom, ile ya kuendesha tumbo, yakikauka yametameta kama barafu. Serikali inakupa dawa ya choo upambe sebule! Hiyo nimeipenda.

Mathe wangu hajawahi kusikia hayo ya 1941, lakini mapambo yetu yote yalitoka kwa pakiti za unga za kilo mbili. Alizikata, akageuza upande mweupe nje, akaunganisha duara kwa duara. Tawi la mti lilitoka kwa ua la jirani, kwa ruhusa, mara nyingi.

Mwaka huu nimeshahifadhi pakiti kumi na moja chini ya kitanda. Mchele na mafuta nitanunua Novemba, Jumanne mchana, nikimsalimia kijana wa kaunta bila haraka. Nauli iko kando. Tarehe 24 hatanipata kwa foleni yake.