Mkate wa Azhar

Mwaka 988 waziri Yakub bin Killis alimwomba Khalifa Al-Aziz awape riziki wanazuoni 35 waliokuwa wakikutana katika msikiti wa Azhar, mjini Cairo. Khalifa akawapa posho, akawajengea na nyumba ubavuni mwa msikiti. Basi elimu ya pale ilishikamana tangu mapema na malazi na chakula.

Karne zilizofuata wanafunzi waliishi katika riwaki, yaani kumbi za watu wa nchi moja: Wamagharibi, Washami, Waturuki, hata Wajabarti wa upande wa Zaila. Kila riwaki ilikuwa na sheikh wake na mali zake za wakfu, na katika mapato ya mali hizo mwanafunzi alipata mikate yake. Kijana aliyefika hana ndugu wala fedha aliwakuta watu wa lugha yake, wakamwonyesha mwalimu na mahali pa kulala. Vipofu nao walijengewa zawia yao katika karne ya 18.

Lakini wakfu haukosi wenye kuutamani. Mwanahistoria Al-Jabarti, ambaye baba yake aliongoza riwaki ya Wajabarti, amesimulia jinsi mwaka 1777 Wamagharibi walivyodai mali iliyowekwa wakfu kwao, na amiri mmoja akakataa kuitoa. Milango ya Azhar ikafungwa, darsa zikasimama. Hakikugombaniwa kitabu wala fundisho lolote; iligombaniwa riziki ya wanafunzi, na kwa ajili yake masheikh walikubali kunyamazisha msikiti mzima.